Mlanzi Usiogemwa

Mlanzi wa nyumbani kwetu ulipunguzwa kwa kunywewa. Panga lilikuwa na kazi ndogo tu, ya kutoa miti iliyozeeka wakati wa kiangazi. Kazi kubwa ya kuuzuia usigeuke msitu ilifanywa na koo za watu. Sisi tuliokulia Kilolo, kwenye vilima vya baridi vya mkoa wa Iringa, tuliuona ulivyo tukadhani ndivyo ulivyoumbwa: mashina yamesimama mbalimbali nyuma ya nyumba, kuku wanapita katikati, jua linafika chini, na mama akiwa jikoni anamwona mgeni anapokata kona ya barabara, akapata muda wa kuongeza maji kwenye chai.

Sasa mlanzi uleule umefunga njia ya chooni.

Kwa asiyetoka Nyanda za Juu Kusini niseme kidogo. Mlanzi ni mwanzi, ila si ule wa njano unaopandwa kwenye mageti ya hoteli, wala si ule mkubwa wa milimani ulio wazi ndani. Wataalamu wa mimea wanauweka kwenye jenasi ya Oxytenanthera. Mti wake umejaa ndani au unakaribia kujaa, hasa sehemu ya chini, ndiyo maana panga likiupiga vibaya hudunda na kumrudia mwenyewe. Huota kwa mashina. Hautambai chini ya uzio kwenda kuchipua uwanjani kwa jirani, kama ifanyavyo baadhi ya mianzi ya Asia. Iringa, Njombe na baadhi ya sehemu za Ruvuma watu wameupanda kuzunguka nyumba zao tangu zamani, na hawakuutafutia kivuli. Walitaka maji yake, ulanzi.

Mgema wetu alikuwa Mjomba, kaka yake mama. Alikuja kabla ya jua, koti la mvua limekatika mikono, kisu amekiviringisha kwenye kitambaa kana kwamba amebeba kitoto. Chipukizi la mlanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote. Mwanzi haunenepi baadaye, unarefuka tu, na ndani ya miezi michache umemaliza urefu. Mgema huliwahi kabla halijamaliza. Likifika usawa wa kifua cha mtoto, Mjomba alilikata ncha, akarudi jioni kushusha kipande chembamba, unene wa ukucha, asubuhi kingine, jioni tena kingine. Siku za mwanzo halitoi kitu, na asiyejua angesema anachezea kisu. Baada ya wiki hivi kidonda kinalowa, halafu kinadondosha, halafu, kama mvua ni nzuri, kinatiririka usiku kucha. Hapo ndipo kinapofungiwa mbeta, kipande cha mwanzi mnene kilichozibwa chini na kifundo chake chenyewe, kikafungwa kwa kamba kando ya kidonda na kufunikwa jani ili mvua isiongeze maji na nyuki wasizame.

Nyuki walizama hata hivyo. Mjomba aliwatoa kwa kidole kimoja, akapuliza povu pembeni, akatumiminia kwenye kopo. Ulanzi wa alfajiri, ambao haujaanza kuchemka, ulikuwa wetu watoto: mtamu, mzito kidogo, una harufu ya majani mabichi. Kufika saa sita ulianza kunong'ona ndani ya ndoo. Jioni ulikuwa wa watu wazima. Ukilala siku mbili tatu, utamu umekwisha na nguvu yake inakaribia ile ya bia ya chupa. Huo ulikuwa wa watu wenye safari fupi ya kurudi kwao.

Chipukizi lililogemwa halikui tena. Likimaliza kutoa maji hukauka, likabaki kigingi cha usawa wa goti, na mwaka wa pili limeoza. Kwa hiyo mbeta kumi zilizoning'inia nyuma ya nyumba yetu mwezi Februari zilikuwa miti kumi ambayo haitakuwapo mwezi Juni. Zidisha kwa kila shina na kila msimu, kuanzia Desemba hadi mvua zinapokatika, ndipo utaelewa kwa nini babu alikufa mzee bila kulalamika hata siku moja kwamba mlanzi umemzidi.

Ila Mjomba hakugema kila kitu. Kabla ya kukata ncha ya kwanza ya msimu alizunguka kila shina polepole, mikono nyuma, akiyatazama machipukizi kama mwalimu anayechagua viranja. Akisimama mbele ya lile nene lililotokeza nje, lenye nafasi ya kukua bila kusongwa, aliligusa kwa kidole na kusema, "Hili liacheni." Kwa kila shina aliacha mawili, pengine matatu. Hayo ndiyo yangeota majani mapya na kulilisha shina mwaka unaofuata; shina linalogemwa lote hutoa vijichipukizi vyembamba vya kusikitisha, na mgema wa namna hiyo hujulikana kijiji kizima. Halikuandikwa popote. Sijawahi kusikia likitajwa kanisani wala kwenye mkutano wa kijiji. Lakini mtoto wa miaka minane alijua kwamba chipukizi lililoguswa na Mjomba halipandiwi, halivunjwi, halifungiwi mbuzi.

Nisiupake rangi wakati ule. Msimu wa ulanzi ulikuwa pia msimu wa kesi kwa balozi wa nyumba kumi. Wanaume waliolima kwa bidii Novemba walilala mifereji ya barabara Machi. Darasani mwetu walikuwepo wenzetu waliokuja asubuhi macho mekundu, kwa sababu kifungua kinywa chao kilikuwa ule wa jana. Mama aliuchukia ulanzi tangu akiwa msichana, kwa sababu alizozijua yeye na bibi, na hakuwahi kuonja baada ya kuokoka. Hata hivyo yeye ndiye aliyeugawa. Ndoo ya asubuhi ilipita mikononi mwake: kata moja ya babu, moja ya mgeni kama yupo, dumu dogo la mjane aliyeishi chini ya kwetu asiye na mlanzi, kinachobaki kwa watakaokuja kutusaidia palizi. Palizi yetu haikulipwa fedha. Ilialikwa watu, na watu waliitikia kwa kujua kuna nini nyuma ya nyumba.

Mlanzi huu wenyewe si wa kwanza wa ukoo. Wa kwanza uko mahame, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, pale babu alipokuwa akiishi kabla ya Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 watu waliambiwa wahamie kijijini, nyumba zikaachwa, nyingine zikaezuliwa. Mlanzi hauwezi kuezuliwa. Ulibaki umesimama pale pale, na mpaka leo ukipita vilima vile ukaona shina la mlanzi katikati ya pori, hapo palikuwa na mji wa mtu: tafuta kidogo utakuta jiwe la kusagia, utakuta kaburi. Babu alichimba vipande vya shina vyenye mizizi, akavibeba begani hadi kiwanja kipya alichopimiwa, akavipanda kabla ya kumaliza kuezeka. Bibi alimsema sana kwa hilo. Miaka ile ya kwanza, wakati mpya ukiwa bado mdogo, wazee walikuwa wakirudi mahame kugema, wakitembea alfajiri na mbeta mgongoni kwenda kunywa kwenye nyumba zisizokuwapo.

Na haukuwa wa kunywa tu. Vihenge vya mahindi vilisukwa kwa mianzi iliyopasuliwa, nyungo pia, na mabanda ya kuku, na matenga yaliyobeba nyanya kwenda sokoni. Serikali yenyewe iliuamini mwanzi kwa namna ambayo leo ukiisimulia Dar es Salaam watu wanadhani unatania: katika miaka ya 1970 Wizara ya Maji ilianzisha mradi wa kupeleka maji vijijini kwa mabomba ya mwanzi, ukiongozwa na mhandisi T. N. Lipangile, na Iringa ndiyo ilikuwa kitovu chake. Huko haukutumika mlanzi, kwa kuwa umejaa ndani. Ulitumika mwanzi wa milimani. Walitoboa vifundo vyake kwa ndani, wakauzungushia waya kwa nje ili usipasuke kwa presha, wakautia dawa ya mchwa na ya kuoza, wakaufukia. Maji yalipita. Baadaye ilikuja plastiki, rahisi kuunga na isiyoliwa na mchwa, na sina hoja ya kuipinga. Nasema tu kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtu aliyetazama mwanzi wa Iringa aliona bomba. Shirika la kimataifa la mianzi na henzirani, INBAR, lilipoanzishwa mwaka 1997, Tanzania ilikuwa moja ya nchi 9 waanzilishi. Wakati huo nyumbani kwetu kihenge cha mwisho kilikuwa kimeshageuzwa kuni na mahindi yanakaa kwenye magunia sebuleni.

Hakuna siku moja ninayoweza kuinyooshea kidole na kusema ndipo tulipoacha. Babu alitangulia. Watu wengi wa kwetu waliokoka, na mhubiri mmoja alikuwa hodari wa kutaja mbeta kwa jina akiwa madhabahuni. Bia ilishuka hadi vijijini kwa pikipiki. Zikaja pombe kali za viroba, zinazoingia mfukoni, zisizohitaji mtu kuamka alfajiri wala kusubiri wiki kidonda kilowe. Vijana wakazizoea, na serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017 hawakurudi kwenye mlanzi, walihamia chupa ndogo za plastiki. Na kazi ya kugema, ukiitazama vizuri, ni kazi ya mtu asiyesafiri. Anatakiwa pale pale asubuhi na jioni, kila siku ya msimu, mvua inanyesha. Sisi wajukuu tulikuwa Dar, Morogoro, Makambako, tukifanya kazi zinazotuhitaji sisi pia asubuhi na jioni.

Mjomba aligema peke yake hadi magoti yalipokataa. Msimu wa mwisho aligema mashina mawili tu yaliyo karibu na mlango, kwa ajili yake na redio yake.

Baada ya hapo kila chipukizi likawa mti. Mwaka wa kwanza tulifurahi: nyumba imependeza, tukapiga picha. Mwaka wa tatu mashina yalikuwa yamegusana. Miti mipya huota pembeni mwa shina, ya zamani inabaki katikati, inazeeka, inakauka ikiwa imesimama kwa sababu haina pa kuangukia, na vilele vyote vimeshikana juu. Majani yakajaza mfereji wa bati, maji ya tangi yakabadilika rangi ikawa ya chai. Jiko likawa linahitaji taa saa nne asubuhi. Nyoka wa kijani akaingia kwa dirisha. Upepo ukivuma usiku miti ilisuguana na kutoa mlio, na mama, ambaye hajawahi kuogopa kitu nikakiona, akahamia chumba cha mbele. Jirani wa juu, mtu mpole, akaja kusema kwa adabu zote kwamba mti mmoja umelalia waya wa umeme unaokwenda kwake.

"Baba," mama aliniambia kwenye simu, "njooni mkate msitu wenu. Mimi nilipoolewa hapa sikuukuta."

Tulikwenda Agosti, mimi na mdogo wangu, kwa kuwa mwanzi hukatwa kiangazi. Wakati wa mvua shina linahangaika na machipukizi, ukiingia na panga unayakanyaga. Isitoshe mti uliokatwa mvuani umejaa sukari, na dumuzi wanaujua. Hata uuanike namna gani, baada ya miezi michache utauona unamwaga unga. Mdogo wangu alikuwa amekodi msumeno wa mashine Iringa mjini, na kijana wa kuuendesha. Kijana alikuwa fundi wa misindano. Mkoa wetu siku hizi umejaa mafundi wa misindano, tangu mashamba ya mbao ya Sao Hill yawafundishe watu kwamba mti ni akiba ya benki. Msindano ukikatwa unaanguka. Kijana akawasha, akakata mlanzi wa kwanza, wa pili, wa tano, na yote mitano ikabaki imesimama wima, imekatika chini, imening'inia kwa vilele. Akazima mashine, akatutazama.

Ndipo alipotokea mzee mmoja wa rika la Mjomba, aliyekuwa akipita na fimbo yake.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee."

Akatazama ile miti mitano inayoelea. "Wanangu, mnakata watoto mnawaacha wazee."

Ilikuwa kweli. Tulianza nje kwa sababu nje ndiko panapofikika, na nje ndiko iliko miti michanga. Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutuelekeza kwa fimbo. Mti wa mwaka mmoja bado umevaa maganda na una vumbi jeupe. Maganda hayo yana vinyweleo vya kahawia vinavyowasha shingoni siku nzima, kwa hiyo hata mwili wenyewe utakuambia umeshika usichotakiwa kushika. Wa mwaka wa tatu na kuendelea ngozi yake imefifia na kuvu imeota madoa ya kijivu, ukiugonga unalia mkavu. Huo ndio wa kukata, na uko ndani. Kwa hiyo kwanza fungua mlango: chagua upande mmoja wa shina, ule wenye miti mibovu kuliko yote, toa kila kilicho pale, ingia hadi katikati, kisha kata ukitokea ndani. Ukiangalia kutoka juu shina linabaki na umbo la kwato. Kata chini, juu kidogo ya kifundo, pasibaki kikombe cha kuhifadhi maji ya mvua na kuzalisha mbu. Usikate kwa mshazari, maana kisiki cha mwanzi kilichochongoka hupita kwenye raba na kwenye mguu. Na miti ivutwe kwa kamba, mmoja mmoja, kitako kwanza, upande uliofunguliwa. Vilele vitaachiana vyenyewe.

Mashine ikafanya kazi kidogo sana siku hiyo. Ndani ya shina haina pa kugeukia. Tulirudi kwenye msumeno wa mkono na panga, mdogo wangu kwenye kamba, akivuta kwa matusi ambayo mama alijifanya hayasikii. Tulipofika katikati ya shina la tatu tulikuta vigingi: machipukizi yaliyogemwa na Mjomba misimu yake ya mwisho, yamekauka meusi, mengine yangali na alama ya kamba ya mbeta. Vilikuwa vimezungukwa na miti iliyoota baada yake, minene, imebanana hivi kwamba mkono haupiti. Mpaka ulionekana wazi kabisa. Upande huu mtu aliyekunywa, upande huu hakuna.

Jioni tulikuwa tumetoa rundo lililozidi urefu wa nyumba, na mwanga umeingia jikoni. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana mdogo wangu hakuja kupunguza. Alikuja kung'oa. Anataka parachichi pale, aina ya Hass, inayonunuliwa na wasafirishaji. Ameshaona mashamba ya Njombe, ameshapiga hesabu, na hesabu yake haina kosa. Mlanzi hauna hesabu. Nyanya siku hizi zinapakiwa kwenye masanduku ya mbao, fito hazitakiwi, paa ni bati juu ya mbao za msindano. Nilijaribu kumwambia kwamba kung'oa shina la mlanzi si kazi ya sururu, mizizi yake imeshikana hadi ni kitu kimoja, utahitaji trekta. Na kwamba ukilikata lote ukaliacha, litachipua vijiti vyembamba visivyofaa kitu. Akasema trekta lipo. Nikasema babu aliubeba begani. Akasema babu angekuwa hai leo angebeba miche ya parachichi, na ninashuku alikuwa sahihi.

Mama alikuwa anachambua maharage. "Parachichi linataka maji kiangazi," alisema. "Utakuja kumwagilia wewe?" Mdogo wangu akanyamaza. "Na upepo wa Julai unaopiga chumba changu, parachichi litauzuia?" Akarudi kwenye maharage yake. Tulikubaliana nusu kwa nusu: mashina ya upande wa barabara yang'olewe, ya nyuma ya nyumba yabaki. Miche ishirini ya parachichi imepandwa, kumi na mitatu ipo.

Mvua zilipoanza, mashina yaliyobaki yalichipua kwa fujo. Shina lililofunguliwa likapata jua hufanya hivyo. Sasa swali lilikuwa lile lile la zamani, kwamba ama machipukizi yale yagemwe, ama tukodi tena watu kila Agosti hadi tutakapokufa. Akapatikana kijana wa kijiji cha pili anayegema kibiashara. Hanywi yeye mwenyewe. Anakodi milanzi ya watu kwa msimu, anajaza madumu ya njano, yanapelekwa kando ya barabara kuu na mengine yanapanda malori. Mbeta zake ni chupa za plastiki zilizokatwa shingo, na sikuona sababu ya kusikitika kwa hilo, zinaoshwa kirahisi na unaona kilichomo. Alinisalimia "shikamoo mzee", nikatazama nyuma yangu kwanza.

Shida ilikuwa kwenye mkataba. Mtu aliyekodi msimu mmoja analipia machipukizi yote, na anataka kuyatumia yote. Shina la mwaka kesho ni la atakayekodi mwaka kesho. Tulimweleza habari za kuacha mawili, matatu. Alisikiliza kwa heshima sana. "Hayo yakibaki, bibi, bei inapungua," alimwambia mama. Mama, ambaye mhubiri wake angeshangaa kumwona kwenye mazungumzo haya, akamjibu kwamba yeye hauzi pombe, anakodisha miti, na kwamba kinachogemwa alfajiri hakijawa pombe. Kwa hiyo kodi ni fedha taslimu pamoja na lita moja ya alfajiri kila siku, mbichi, kabla haijaanza kunong'ona. Kisha akazunguka mashina, mikono nyuma, mimi namfuata na vipande vya sandarusi nyekundu. Alichagua. Nilifunga. Kijana alihesabu akasema, bila hasira, kwamba tumechagua manene kuliko yote. Tulimpunguzia kidogo.

Jumapili ya pili mama alirudi kutoka kanisani akakuta utepe mmoja mwekundu umefungwa kwenye kichipukizi chembamba cha nyuma, na lile nene lake lina chupa. Alipoulizwa, kijana alisema labda ni ng'ombe. Ng'ombe wa karibu wako ng'ambo ya mto. Ameongezewa lita mbili kwa wiki, na tepe sasa mama anazifunga mwenyewe, kwa waya.